Sherehe ya Mashujaa kwa Watoto Wadogo: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Siku ya Kuzaliwa Moshi na Arusha

Mtoto wa miaka mitano hahitaji kufundishwa ushujaa wa katuni. Mwachie khanga ya bibi yake kwa dakika mbili, naye ataifunga shingoni, atapanda juu ya kochi na kuruka huku amenyoosha mkono mmoja mbele, iwe ni sebuleni Njiro au uani Pasua. Mzazi anayetaka kumwandalia mtoto huyo sherehe ya mashujaa na aanzie hapo, kwenye ile khanga na ule mruko, kwa sababu mtoto wa umri huo hatamani kutazama mashujaa bali anatamani kuwa shujaa mwenyewe na kupewa kazi ya kishujaa ya kufanya.

Hilo nililijifunza kwa gharama. Sherehe ya kwanza niliyomwandalia mwanangu wa kwanza hapa Moshi ilikuwa na jukwaa lililopambwa, mshereheshaji, spika mbili kubwa na kijana wa kukodi aliyevaa vazi zima la shujaa pamoja na kinyago kilichomfunika uso wote. Kijana alipoingia getini, watoto watatu walilia kwa hofu na mmoja akajificha chini ya meza hadi alipochukuliwa na mama yake. Keki ilikatwa saa moja usiku, baada ya hotuba za wajomba na mashangazi, mwenye siku akiwa amelala mapajani kwa shangazi yake. Tangu hapo nimeandaa sherehe nyingine tatu za aina hiyo, na maelezo yafuatayo, yanayowahusu watoto wa miaka mitatu hadi saba, yametokana na yale yaliyofaulu.

Hatua ya kwanza: tarehe, saa na idadi ya wageni

Anza maandalizi wiki nne kabla, na jambo la kwanza kuamua liwe hali ya hewa, kwa kuwa michezo ya mashujaa inahitaji uwanja wa nje. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika, na Aprili huku kwetu si mwezi wa kutegemea ua wazi. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua ni chache lakini baridi na mawingu ni vya uhakika, hasa Arusha, ambako mji upo mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Watoto wavae fulana za mikono mirefu ndani ya mavazi yao ya kishujaa. Januari na Februari Moshi huwa na joto kali, na hapo tatizo linakuwa jua la saa saba pamoja na keki inayoyeyuka. Vuli ya Novemba na Desemba hunyesha na kuacha, basi turubai moja la akiba hutosha. Siku ya kuzaliwa ikiangukia katikati ya masika, punguza wageni wawe watoto sita na ufanyie sherehe sebuleni, badala ya kuisogeza miezi miwili mbele hadi mtoto asielewe tena anasherehekea nini.

Desemba ina mambo yake. Wachaga wanaorudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi huja na watoto, na mzazi aliyealika watoto kumi anaweza kujikuta na ishirini na watano bila ya kumkosea mtu, maana hakuna anayeweza kumwambia binamu aliyetoka Dar es Salaam abaki nyuma ya uzio. Kama siku yenu ipo kati ya tarehe 18 na mwaka mpya, pangeni kwa hesabu ya ukoo na si kwa hesabu ya darasa. Mafundi cherehani na waokaji keki huwa na kazi nyingi katika majuma hayo, kwa hiyo oda zote zitangulie mapema.

Kwa siku za kawaida, watoto kumi hadi kumi na wawili wanatosha, na kila watoto wanne wawe na mtu mzima mmoja anayewaangalia wao tu, ambaye hapiki, hapigi picha wala hapokei wageni. Jumapili saa nane mchana huzifaa familia nyingi, kwa kuwa ibada za asubuhi zimekwisha, nao Wasabato hawawekwi njia panda. Kwa watoto wa miaka mitatu, ambao bado hulala mchana, chagua Jumamosi asubuhi kuanzia saa nne hadi saa sita na nusu, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna Msabato miongoni mwa waalikwa. Saa mbili na nusu ni muda wa kutosha; mtoto akizidishiwa huanza kugombana, kisha kulia.

Mwaliko wa simu unatosha kabisa, ilimradi utaje saa ya kuanza na saa ya kumaliza, jambo ambalo wengi wetu hulisahau kwa kudhani ni kuwafukuza wageni kabla hawajafika. Unaweza kuandika hivi: “Mama Neema, habari za leo. Jumapili tarehe 14 tunamkaribisha Neema kwenye sherehe ya mashujaa ya mwanetu anayetimiza miaka mitano. Tutaanza saa nane kamili mchana na kumaliza saa kumi na nusu. Joho lake la kishujaa atalikuta hapa, kwa hiyo avae nguo za kuchezea na viatu vya kufunga. Tafadhali utufahamishe kama kuna chakula asichotumia, na kama atakuja na mdogo wake.” Swali hilo la mwisho ndilo lenye manufaa zaidi, kwa kuwa wadogo watakuja tu, na ni heri uwe umewahesabu.

Hatua ya pili: chagua rangi, usichague picha

Vitu vilivyochapwa sura za mashujaa, kama sahani, vikombe na vitambaa vya meza, hupatikana katika maduka ya zawadi mjini, lakini bei yake ni kubwa, na mara nyingi utakuta sahani ziko nane wakati wageni ni kumi na wawili. Rangi hufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo. Superman, ambaye alichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, anatambulika kwa buluu, nyekundu na njano. Wonder Woman wa mwaka 1941 ana rangi hizo hizo akiongezewa dhahabu. Spider-Man wa mwaka 1962 ni nyekundu na buluu. Kwa maana hiyo, mzazi akinunua sahani, vikombe na maputo yasiyo na maandishi ya nyekundu, buluu na njano, amekwisha kuwapokea mashujaa watatu kwa mara moja, na kilichobaki anaweza kukitumia katika sherehe nyingine. Mtoto akimtaka Black Panther, aliyeanza kuonekana mwaka 1966, nunua nyeusi na ya fedha, kisha uchangamshe meza kwa kitenge chenye zambarau ili isije ikafanana na ya msiba. Hulk ni kijani na zambarau, na majani ya mgomba yatakupa ile kijani bure.

Kuhusu kumwachia mtoto achague, mpe mashujaa wawili tu na umwambie achague mmoja. Ukimwuliza swali lililo wazi, atabadilisha jibu kila asubuhi hadi siku yenyewe.

Hatua ya tatu: majoho

Hiki ndicho kitu pekee ambacho nisingekubali kukiacha, hata kama bajeti ingebana kiasi cha kuondoa maputo na mapambo yote. Kila mtoto anayeingia getini apewe joho lake, yaani kile kitambaa cha mgongoni kinachopepea anapokimbia, na atakwenda nalo nyumbani. Joho huondoa ule unyonge wa mtoto aliyekuja na nguo za kawaida mbele ya mwenzake aliyenunuliwa vazi zima, humfanya mwenye siku kuwa shujaa miongoni mwa mashujaa badala ya mfalme miongoni mwa watazamaji, na pia ndilo zawadi ya kuondokea, kwa hiyo ile mifuko ya peremende haihitajiki tena.

Kwa mtoto wa miaka minne hadi sita, joho liwe na upana wa sentimita 50 na urefu wa sentimita 60, ili liishie juu ya magoti. Likifika kwenye visigino atalikanyaga na kuanguka. Kitambaa cha satini chenye upana wa sentimita 150 hutoa vipande vitatu kwa kila sentimita 60 za urefu, kwa hiyo majoho kumi na mawili yanahitaji mita 2.4, nawe utanunua mita 3 ili upate matatu ya akiba kwa wale wadogo wasiotajwa kwenye mwaliko. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 hutoa vipande viwili tu, basi kwa majoho kumi na mawili nunua mita 3.6. Mimi napenda kitenge kuliko satini, kwa kuwa hakitelezi chini ya mashine, hakichomi kwa joto, na mama wa mtoto ataendelea kukitumia kwa jambo lingine pindi ushujaa utakapokwisha. Mafundi wanaoshonea kwenye baraza za maduka mjini watapinda kingo za majoho yote kwa siku moja au mbili, lakini mpelekee fundi kazi hiyo wiki mbili kabla, na umwambie unaihitaji wiki moja kabla. Anayewafahamu mafundi wetu hatahitaji maelezo ya ziada.

Sasa sikiliza jambo la shingoni, kwa maana hapa hakuna mzaha. Joho lisifungwe kwa kamba wala kwa fundo. Mtoto anaweza kunaswa kwenye tawi, kwenye msumari wa uzio au mkononi mwa mwenzake anayemkimbiza, na fundo haliachii. Mwagize fundi ashone ukanda wa shingoni wenye urefu wa sentimita 36, na kwenye ncha zake aweke ule utepe wa kunata unaopatikana kwenye viatu vya watoto, kipande cha sentimita 3 tu, ili joho libanduke lenyewe pindi likivutwa kwa nguvu. Kabla ya sherehe, vuta kila joho kwa mkono mmoja. Lisipobanduka kwa urahisi, punguza utepe.

Asiye na fedha za kitambaa na fundi anaweza kwenda kwenye mitumba, Memorial kwa wa Moshi au Kilombero kwa wa Arusha, akanunua fulana kubwa za watu wazima zenye rangi moja. Kata mikono na sehemu yote ya mbele, bakiza mgongo pamoja na ukosi, kisha ukosi huo ukatwe mbele katikati na kushonewa utepe ule ule wa kunata. Kitambaa cha fulana hakichanuki nyuzi, kwa hiyo hakihitaji kupindwa.

Mgongoni bandika herufi ya kwanza ya jina la mtoto, iliyokatwa kwa kitambaa cha rangi tofauti ndani ya duara lenye kipenyo cha sentimita 15. Majoho ya akiba yabandikwe nyota. Kuhusu vinyago, nashauri viachwe kabisa kwa walio chini ya miaka mitano, kwa kuwa huwazuia kuona pembeni wakati wakikimbia. Badala yake, wape bangili za nguvu zilizotengenezwa kwa vile viini vya karatasi za chooni, vikapasuliwa upande mmoja, vikapakwa rangi na kuachwa vikauke. Anza kuvihifadhi mwezi mmoja kabla, na uwaombe majirani wakuhifadhie vyao.

Hatua ya nne: ua na usalama wake

Ua wa nyumbani unashinda ukumbi wa kukodi, na ua wa babu na bibi kule Kibosho, Machame au Marangu unashinda yote, maana kivuli cha migomba hakihitaji turubai. Hata hivyo kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba ya ukoo, kina hatari ambazo mtu wa mjini huzisahau: mteremko wenye utelezi baada ya manyunyu, ng'ombe aliye zizini, na mifongo, yaani ile mifereji ya asili ya maji, ambayo mtoto wa miaka mitatu anaweza kutumbukia bila ya kutoa sauti. Zungushia sehemu ya kuchezea kamba yenye vipande vya kitenge, na umweke mtu mzima upande wa mfereji.

Mjini, pita uani asubuhi ya siku hiyo ukiwa umechuchumaa, uone kile anachokiona mtoto. Ndoo na madiramu ya maji yafunikwe au yamwagwe, kwa kuwa mtoto mdogo huweza kuzama hata katika ndoo isiyojaa. Jiko la mkaa na karai la mafuta ya sambusa viwe nyuma ya nyumba, na mlango wa huko ufungwe. Mbwa apelekwe kwa jirani. Geti liwe na mtu, maana shujaa mwenye joho jipya hutamani kwenda kumwonyesha kila apitaye barabarani.

Maputo yanahitaji aya yake. Kipande cha puto lililopasuka ni miongoni mwa vitu vya hatari zaidi kwa mtoto mdogo, kwa sababu kikiingia kooni hunata na kuziba njia ya hewa, wala hakitoki kwa urahisi kwa kukohoa. Yafunge juu, mita mbili au zaidi, mtu mzima ndiye ayapulize, na likipasuka moja, mtu aliye karibu aokote vipande vyote papo hapo.

Mapambo

Hapa sitakaa sana. Maboksi ya katoni yaliyopakwa rangi nyeusi na kukatwa madirisha ya njano huwa maghorofa ya mji wa mashujaa. Panga sita au saba nyuma ya meza ya keki, na watoto wenyewe wayapake rangi siku mbili kabla. Karatasi za manila hutoa zile nyota zenye ncha nyingi za maneno “Paa!” na “Tuu!” za kubandika ukutani. Yanatosha. Kama unataka picha ya watoto na Kibo nyuma yao, kumbuka kwamba mlima hupenda kujifunika mchana, hivyo picha hiyo hupatikana asubuhi au jioni zaidi kuliko wakati wa sherehe.

Hatua ya tano: kazi za mashujaa

Michezo ndiyo sherehe yenyewe, na kosa la kawaida ni kuwa na michezo kumi isiyohusiana. Buni kisa kimoja kinachoiunganisha yote. Kisa ninachokipenda ni hiki: wanyama wa mbugani wamepotea, na mji unawaomba mashujaa wawatafute. Wanasesere wa wanyama, hata vile vya mbao au vya matambara, hufichwa uani mapema, na kila kazi inayokamilishwa humrudisha mnyama mmoja kwenye kikapu. Usiweke mtu mzima wa kuigiza adui. Watoto wa miaka mitatu na minne hawatofautishi vizuri kati ya mjomba aliyejifanya jitu na jitu lenyewe, nao watakumbuka hofu kuliko keki.

Wanapofika, kila mmoja avalishwe joho na kuapishwa. Kiapo kiwe kifupi, cha kurudia maneno baada ya kiongozi: shujaa husaidia, shujaa husubiri zamu yake, shujaa hasukumi. Utashangaa jinsi kiapo hicho kinavyokusaidia saa moja baadaye, mtu anapoanza kusukuma.

Kazi ya kwanza ni utando wa buibui. Funga uzi mzito wa kufumia sweta kati ya miti miwili au miguu ya viti, nyuzi nane hadi kumi zikipishana, nao watoto wapite bila ya kuzigusa, kwa kutambaa chini au kuvuka juu. Nyuzi zote ziwe chini ya sentimita 40 kutoka ardhini, ili pasiwe na uzi wa kufika shingoni mwa mtoto aliyesimama, na uziondoe mara tu kazi inapomalizika, kabla ya mbio. Wa miaka mitatu wataukokota utando wote. Waache waukokote, kwa kuwa nao wamemwokoa twiga kwa njia yao.

Kazi ya pili ni kuangusha mnara. Makopo matupu kumi ya maziwa ya unga au ya rangi, yaliyooshwa na kuondolewa kingo kali, hupangwa kwa piramidi, na watoto huyarushia soksi zilizokunjwa kuwa mipira wakiwa umbali wa mita mbili. Kila mmoja arushe mara tatu. Mipira halisi isitumike, kwani siku zote hutua kwenye keki.

Kazi ya tatu ni ya huku kwetu, na watoto huipenda kuliko zote. Jengeni Kibo kwa magodoro na mito, rundo lisilozidi mita moja, lifunikwe kwa shuka jeupe kileleni. Waeleze kwa sentensi mbili kwamba Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge wa Uhuru na bendera ya taifa juu ya Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, usiku ule wa uhuru wa Desemba 1961, kisha kila mtoto apande akiwa na tochi ndogo iliyowashwa, aiinue juu na kushuka upande wa pili. Watu wazima wawili wasimame kando, na apande mmoja mmoja. Nimewahi kumwona mtoto wa miaka minne aliyekataa michezo yote akipanda mlima huo mara sita.

Baada ya hapo waache wacheze kombolela, mchezo ambao ulikuwa wa kishujaa kabla ya katuni zote hizi, kwa kuwa kiini chake ni mtoto mmoja anayejitokeza mafichoni, akakimbia na kugusa kituo kabla ya mlinzi, na kuwakomboa wenzake wote waliokamatwa. Kwa wadogo, rahisisha: mlinzi awe mtu mzima anayekimbia polepole, na mafichoni yawe mahali panapoonekana. Kwa wale wa miaka mitatu wasioweza kuufuata, dada mmoja awachukue kivulini wacheze ukuti.

Mwisho ziwe mbio fupi za mita ishirini, nami hupenda kuziita mbio za Akhwari. John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaendelea hadi kuumaliza mwendo akiwa wa mwisho, na dunia inamkumbuka yeye. Katika mbio hizi, waliotangulia hubaki kwenye mstari wakimshangilia anayefika mwisho, na hakuna tuzo ya mshindi. Nimepingwa na akina baba kadhaa waliotaka mshindi apatikane. Nimewajibu kwamba waandae mbio zao wenyewe baada ya chakula.

Hatua ya sita: chakula na keki

Watoto hula kidogo siku ya sherehe. Kwa kila mtoto hesabu sambusa mbili ndogo, nusu chapati iliyokunjwa, vipande vitatu vya nyama ya mishikaki iliyokwisha kutolewa kwenye vijiti, ndizi ya kukaanga, kipande cha tikiti maji na vikombe viwili vya juisi vya mililita 250, ambavyo kwa watoto kumi na wawili ni lita 6. Juisi ya pasheni au embe iliyochujwa inafaa kuliko soda, kwa kuwa soda na mruko wa kishujaa havipatani tumboni. Kwa walio chini ya miaka minne, bisi na karanga nzima zisiwekwe mezani, na soseji zikatwe kwa urefu badala ya vipande vya mviringo, maana umbo la mviringo ndilo linaloziba koo. Nyama inunuliwe kwa mchinjaji anayekubalika na Waislamu, ili mezani pasiwe na mgeni anayeuliza kwa kunong'ona.

Watu wazima wapikiwe chungu kimoja tu, pilau au machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama. Kwa pilau, kilo 2 za mchele huwatosha watu kumi na watano. Na kama wazee wataletewa mbege, ile pombe ya ndizi, ikae upande wa pili wa nyumba, pamoja na wazee.

Keki kwetu huagizwa kwa kilo, na keki ya kilo 2 hutoa vipande kama ishirini vya gramu 100, ambavyo ni vikubwa vya kutosha kwa mtoto. Mwagize mwokaji wiki mbili kabla, ukimwonyesha rangi ulizochagua. Katika miezi ya joto epuka keki iliyopambwa kwa siagi tupu, au iache kwenye friji hadi dakika ya mwisho, na ukumbuke kwamba umeme unaweza kukatika siku hiyo hiyo. Isafirishwe kwa gari, ikiwa chini sakafuni nyuma ya kiti, wala si mapajani, na bajaji isitumike kwa keki ya ghorofa mbili kwenye barabara ya vumbi.

Katika kulisha keki, utaratibu wetu wa kuwaita jamaa mmoja mmoja ni mzuri, lakini kwa mtoto wa miaka mitano uwe na mipaka. Aanze na bibi na babu, kisha wazazi, kisha mashujaa wenzake wote kwa pamoja. Wajomba na mashangazi watalishwa wakati watoto wamerudi kucheza. Hotuba isiwepo. Sala fupi ya kumwombea mtoto inatosha, na babu akiombwa aitoe ataona heshima yake imezingatiwa.

Siku yenyewe

Watoto wanaanza kufika saa nane, wanavalishwa majoho na kupaka rangi bangili. Kiapo ni saa nane na nusu hata kama nusu yao hawajafika, kwani watakaochelewa wataapishwa wakiingia. Kazi za mashujaa huchukua dakika arobaini, chakula kinafuata saa tisa na robo, na keki inakatwa saa kumi kasorobo, wakati wote wakiwa macho na nguo zikiwa bado zinatambulika. Kombolela na mbio huja baada ya keki, hadi saa kumi na nusu. Ukiona mvua inakuja, anza na keki, kisha uhamishie Kibo sebuleni.

Picha zipigwe na mtu mmoja aliyeteuliwa, na wazazi waulizwe kabla ya sura za watoto wao kuwekwa kwenye hali ya WhatsApp. Zawadi zifunguliwe wageni wakishaondoka, ili aliyeleta daftari na aliyeleta baiskeli wasilinganishwe hadharani. Na ile desturi ya kummwagia maji mwenye siku, ambayo vijana wataidai kwa nguvu, iahirishwe hadi atimize umri wa kuifurahia; kama hakuna namna, kiwe kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, na kisimwagwe Julai.

Jioni, wakati wa kuoga, mwenye siku atakataa kuvua joho. Mruhusu ale nalo na aswali nalo, lakini kitandani lisiingie: subiri asinzie, libandue taratibu, ulitundike mahali atakapoliona akifungua macho.